Albert Kahn: Msanifu aliyeingiza mwanga katika viwanda vya magari

MTU akitaja historia ya magari, jina linalotangulia mdomoni ni la Henry Ford. Ni wachache wanaomkumbuka yule aliyemjengea Ford majengo ya kuundia magari hayo.

Mtu huyo ni Albert Kahn, msanifu majengo ambaye kwa takriban miaka 40 alibadilisha sura ya kiwanda duniani. Kabla yake, wasanifu wenye majina walijishughulisha na makanisa, mahakama, benki na majumba ya matajiri. Kiwanda kilionekana kama banda tu, kazi ya fundi yeyote mwenye matofali na mbao.

Kahn aliikubali kazi hiyo iliyodharauliwa na wenzake, naye akaipa heshima. Lakini maisha yake yanatufunza jambo jingine pia: kwamba jengo, hata lijengwe kwa ustadi wa namna gani, humtumikia yule anayeshika funguo zake.

Kifungua mimba wa rabi

Kahn alizaliwa Machi 21, 1869 katika kijiji cha Rhaunen, magharibi mwa Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Joseph, alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Sehemu ya utoto wake ilipita Luxembourg, kabla ya familia hiyo kuvuka bahari mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kutua Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani.

Waliyoyakuta huko hayakuwa maziwa na asali. Riziki ilikuwa haba, na Albert, aliyekuwa kifungua mimba, alilazimika kuacha masomo ili afanye vibarua vya kuwasaidia wazazi kuwalisha wadogo zake. Hakupata kuingia chuo kikuu.

Nyota ya jaha ilimwangukia kupitia kwa mchongaji sanamu mmoja wa Detroit, Julius Melchers, aliyekuwa akiwafundisha vijana kuchora kila Jumapili. Melchers alimfundisha bila malipo. Macho ya kijana huyo hayakuweza kutofautisha vyema baadhi ya rangi, na kwa hivyo njia ya uchoraji wa picha ilikuwa finyu kwake. Mwalimu wake akamwelekeza kwenye usanifu wa majengo, ambako mstari una thamani kuliko rangi.

Katikati ya miaka ya 1880 aliingia katika kampuni ya wasanifu ya Mason & Rice kama mwanagenzi. Alijifunza kazi kwa kutazama, kunakili michoro na kusoma vitabu vya mwajiri wake. Mwaka wa 1891 alizuru Ulaya kwa ufadhili wa dola 500 alioupata kutoka kwa jarida moja la usanifu la Marekani.

Huko Ulaya alisafiri kwa miezi kadhaa pamoja na kijana mwingine, Henry Bacon, ambaye baadaye alisanifu jengo la kumbukumbu ya Rais Abraham Lincoln jijini Washington. Wawili hao walichora makanisa na makasri ya kale. Hakuna aliyeweza kubashiri kwamba mmoja wao angepata umaarufu kwa kujenga karakana.

Moto na mtetemo

Mwaka wa 1896 Kahn alimwoa Ernestine Krolik, na karibu na wakati huo akaanza kujitegemea kikazi pamoja na washirika wake. Detroit nayo ilikuwa ikigeuka. Mji uliojulikana kwa mabehewa na majiko ya chuma ulianza kuvutia watu waliotaka kuunda chombo kipya kinachojiendesha bila farasi.

Viwanda vya wakati huo vilikuwa na kasoro tatu kubwa. Kwanza, sakafu zake zilikuwa za mbao zilizolowa mafuta ya mashine kwa miaka mingi, na cheche moja tu ilitosha kuleta maafa. Machi 1901 kiwanda cha magari cha Olds, kilichokuwa Detroit, kiliteketea.

Pili, kuta ndizo zilizobeba uzito wote wa jengo. Zilihitaji kuwa nene, na madirisha yake yakawa madogo. Jengo lililazimika kuwa jembamba, la sivyo mfanyakazi aliyesimama katikati angefanya kazi gizani hata saa sita za mchana.

Tatu, nguzo zilikuwa nyingi na zilikaribiana mno. Mashine zilipangwa kwa kufuata nguzo badala ya kufuata kazi, na zilipowashwa zote pamoja, sakafu nzima ilitetemeka.

Mnamo 1903 Kahn alianza kujenga kiwanda cha kampuni ya magari ya Packard, iliyosimamiwa na Henry B. Joy. Majengo tisa ya kwanza yalifuata mtindo huo wa zamani. La kumi, lililojengwa mwaka wa 1905, lilikuwa la zege yenye nondo.

Mafanikio ya jengo hilo nambari 10 hayakuwa ya Albert peke yake. Ndugu yake mdogo, Julius Kahn, mhandisi aliyesomea Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa amebuni aina mpya ya nondo.

Zege ni hodari wa kubeba mzigo unaoikandamiza, lakini hukatika kwa urahisi inapovutwa. Chuma hustahimili kuvutwa. Boriti inapobebeshwa mzigo, upande wake wa chini huvutika, na ndiyo sababu wajenzi huweka nondo huko chini. Hata hivyo, boriti hizo zilikuwa na udhaifu mwingine, kwani zilipasuka kimshazari karibu na mahali zinapoegemea nguzo.

Nondo ya Julius ilikuwa na mabawa yaliyokunjwa kuelekea juu, nayo yaliushika ufa huo kabla haujafunguka. Kutokana na mbinu hii nguzo ziliweza kutenganishwa mbali zaidi. Kwa kuwa uzito wote sasa ulibebwa na nguzo na boriti, ukuta ulibaki bila kazi, na mahali pake pakawekwa kioo.

Hivyo ndivyo ndugu wawili wahamiaji walivyokifungulia kiwanda madirisha. Mwaka mmoja baadaye, 1906, Kahn alihusika katika ujenzi wa kiwanda cha magari ya Pierce jijini Buffalo, kilichokuwa cha sakafu moja tu na kilichopata mwanga kutoka paani. Wazo hilo la pili lingemfaa sana siku za mbele.

Kasri la kioo

Sifa za Packard zilimfikia Henry Ford. Mwaka wa 1908 Ford alikuwa ameanza kuuza gari aina ya Model T, na watu walilitaka kuliko alivyoweza kuliunda. Alimpa Kahn kazi ya kujenga kiwanda kipya huko Highland Park, nje kidogo ya Detroit.

Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka wa 1910. Jengo lake kuu lilikuwa na orofa nne na urefu wa karibu mita 264, huku kuta zake zikiwa kioo kitupu kilichoshikwa kwa fremu za chuma. Watu wakalipa jina la Kasri la Kioo.

Mpangilio wake ulitegemea nguvu ambayo haihitaji kulipiwa, yaani uzito. Malighafi ilipandishwa juu kwa kreni zilizokwenda chini ya paa la kioo kando ya jengo. Vipuri vilianza kutengenezwa orofa za juu, kisha vikashushwa kupitia mifereji na matundu ya sakafuni, orofa baada ya orofa, hadi chini ambako gari lilikamilishwa.

Ni katika majengo haya ambamo mnamo 1913 Ford na wasaidizi wake walianzisha mstari wa kuunganishia magari. Badala ya mfanyakazi kulifuata gari, gari lilimfuata mfanyakazi. Muda wa kuunganisha gari moja ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban saa moja u nusu, na bei ya gari ikawa ikiporomoka mwaka hadi mwaka.

Ikumbukwe kwamba Kahn hakubuni mstari huo. Alichofanya ni kujenga ukumbi mpana, wenye mwanga na nguzo chache, ambamo mashine zingeweza kuhamishwa na kupangwa upya kila mara fikra mpya ilipozuka.

Hata hivyo, mwanga si haki. Mfanyakazi aliyesimama kando ya dirisha zuri alirudia tendo moja mamia ya mara kwa siku, na mwendo wake uliamuliwa na mashine. Wengi walishindwa. Mwaka wa 1913 Ford alilazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili kubaki na takriban 14,000 kazini. Januari 1914 alitangaza malipo ya dola tano kwa siku, kiasi kilichokaribia maradufu ya ujira wa awali, ili wasizidi kumkimbia.

Kila kitu sakafu moja

Haikuchukua muda kabla ya Highland Park kuzidiwa. Kupandisha vitu orofani kulipoteza muda, na mstari mrefu haukupenda ngazi. Ford alinunua ardhi tambarare kando ya mto Rouge, huko Dearborn, naye Kahn akalirudia wazo la Buffalo: sakafu moja, chuma badala ya zege, na mwanga kutoka paani.

Jengo la kwanza kubwa huko, lililojengwa haraka wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, halikuunda magari bali meli ndogo za kuwinda nyambizi. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, liligeuzwa la magari.

Katika miaka ya 1920 Rouge ikawa mji kamili wa viwanda. Ilikuwa na bandari, tanuri za kuyeyusha chuma, mtambo wa umeme na kiwanda cha kioo. Mawe ya chuma yaliingia upande mmoja, na gari likatoka upande mwingine. Kiwanda cha kioo cha Rouge, ambacho Kahn alikisanifu mapema katika muongo huo, kinahesabiwa na wanahistoria miongoni mwa kazi zake bora zaidi, kwa kuwa umbo lake lote lilitokana na mahitaji ya tanuri na joto lake. Hakikuwa na pambo hata moja.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kahn huyo huyo alipenda mapambo. Jengo la ofisi la Fisher, lililokamilika Detroit mwaka wa 1928, limejaa marumaru, shaba na michoro ya dari. Kwake, kila jengo lilistahili vazi lake. Ofisi ya bwana ilivaa joho, kiwanda kikavaa nguo za kazi.

Mwajiri mwenye chuki

Hapa ndipo maisha ya Kahn yanapomtia msomaji katika tafakuri. Kuanzia mwaka wa 1920, gazeti lililomilikiwa na Henry Ford, lililochapishwa mjini Dearborn, lilianza kuandika mfululizo wa makala ya kuwachafulia Wayahudi jina. Makala hayo yalikusanywa katika vitabu vilivyosambazwa ng'ambo, ikiwemo Ujerumani.

Ford aliomba radhi hadharani mwaka wa 1927. Lakini Julai 1938, alipotimiza umri wa miaka 75, alikubali nishani kutoka kwa serikali ya Adolf Hitler.

Wakati wote huo, mtu aliyemchorea Ford viwanda vyake alikuwa mwana wa rabi. Kahn hakuiacha kazi ya Ford, naye Ford hakutafuta msanifu mwingine. Je, huo ulikuwa uvumilivu, tamaa, au hesabu ya mtu mwenye mamia ya wafanyakazi wanaomtegemea? Wapo wanaomlaumu kwa kunyamaza. Wapo wanaosema kwamba ubora wa kazi yake ulikuwa jibu tosha. Lililo wazi ni kwamba chuki ya Ford ilikoma pale haja yake ilipoanzia.

Nao wafanyakazi walikuwa na kilio chao. Machi 7, 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, maelfu ya watu wasio na ajira waliandamana hadi lango la Rouge kudai kazi na chakula. Polisi na walinzi wa kampuni waliwafyatulia risasi. Wanne walifariki siku hiyo, na wa tano baadaye. Chama cha wafanyakazi hakikutambuliwa na Ford hadi mwaka wa 1941. Kuta za kioo zilikuwa zimeingiza jua, lakini hazikuwa zimeingiza usawa.

Safari ya Moscow

Mwaka wa 1929 wajumbe wa Muungano wa Kisovieti walimwendea Kahn wakiwa na ombi zito. Walitaka kiwanda cha matrekta katika mji wa Stalingrad, kando ya mto Volga. Wakati huo Marekani haikuwa hata na uhusiano wa kibalozi na Moscow, na uhusiano huo haukurejeshwa hadi mwaka wa 1933.

Kahn alikubali. Fremu za chuma za kiwanda hicho zilitengenezwa Marekani, zikasafirishwa kwa meli na kusimamishwa Stalingrad. Trekta la kwanza lilitoka Juni 1930.

Kufikia hapo Wasovieti walikuwa wametia saini mkataba mkubwa zaidi. Ndugu yake mwingine, Moritz, aliongoza kundi la wasanifu na wahandisi wapatao 25 hadi Moscow, kufungua ofisi ya michoro. Kwa muda usiozidi miaka mitatu ofisi hiyo ilisimamia usanifu wa viwanda zaidi ya 500 na kuwafunza zaidi ya wenyeji 4,000. Mkataba ulikwisha mwaka wa 1932, baada ya kutoafikiana kuhusu malipo kwa fedha za kigeni.

Kwa Kahn, kazi hiyo ilikuwa pia mwokozi. Soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka Oktoba 1929, na wateja wa Detroit wakatoweka. Bepari mkubwa wa Marekani na mkomunisti wa Moscow, ambao hawakukubaliana juu ya lolote, walikubaliana juu ya msanifu mmoja.

Siri yake ilikuwa mpangilio. Ofisi ya Kahn yenyewe iliendeshwa mithili ya kiwanda. Wasanifu, wahandisi wa vyuma, wa umeme na wa mabomba walifanya kazi chini ya paa moja, kila mmoja akipokea mchoro kutoka kwa mwenzake. Aliamini kwamba usanifu ni biashara kwa asilimia 90, na sanaa kwa asilimia 10 tu. Kufikia mwaka wa 1938 ilikadiriwa kwamba ofisi hiyo peke yake ilisanifu takriban moja kwa tano ya majengo yote ya viwanda yaliyochorwa na wasanifu nchini Marekani.

Vita na kifo

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipofika, serikali ya Marekani ilihitaji viwanda kwa haraka isiyo kifani. Kahn, aliyekuwa amepita umri wa miaka 70, alikuwa tayari. Alisanifu kiwanda cha vifaru karibu na Detroit kilichoendeshwa na kampuni ya Chrysler. Ujenzi ulianza mwaka wa 1940, na mwaka uliofuata vifaru vikaanza kutoka. Chrysler iliunda zaidi ya vifaru 22,000 katika vita hivyo.

Alisanifu pia Willow Run, kiwanda kikubwa mno cha Ford cha ndege za kudondosha mabomu aina ya B-24. Humo ziliundwa ndege 8,685, na katika kilele chake mwaka wa 1944 ndege moja ilitoka takriban kila saa.

Vita vilileta kinaya kingine. Kwa kuhofia mashambulizi ya usiku, baadhi ya viwanda vipya vilijengwa bila madirisha na kuangazwa kwa taa za umeme. Mtu aliyekifungulia kiwanda madirisha aliishi kuyaona yakizibwa.

Albert Kahn alifariki Detroit mnamo Desemba 8, 1942, akiwa na umri wa miaka 73. Wakati huo huo, mbali ng'ambo ya bahari, kiwanda chake cha matrekta cha Stalingrad kilikuwa magofu. Kiliwahi kugeuzwa cha vifaru, na Oktoba mwaka huo majeshi ya Hitler yalikiteka baada ya mapigano makali. Lakini Novemba majeshi hayo yalizingirwa, na mnamo Februari 2, 1943 mabaki yake yakasalimu amri. Kahn hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Kilichobaki

Majengo yake yamepata hatima tofauti. Packard iliacha kuunda magari Detroit mwaka wa 1956, na kiwanda chake kikabaki gofu kwa miongo mingi hadi kazi ya kukibomoa ilipoanza mwaka wa 2022. Sehemu ya Highland Park ingali imesimama, nayo inatambuliwa kama turathi ya kitaifa. Eneo la Rouge bado linaunda magari.

Fikra zake zilisafiri mbali zaidi. Jijini Turin, Italia, kampuni ya Fiat ilijenga kiwanda cha orofa tano cha Lingotto, kilichofunguliwa mwaka wa 1923, ambamo mpangilio wa Highland Park uligeuzwa juu chini: kazi ilianzia chini na gari likamalizikia juu ya paa, kwenye barabara ya majaribio. Naye Mjerumani Ludwig Mies van der Rohe, mmoja wa wasanifu wakuu wa karne ya 20, mwaka wa 1942 alichukua picha ya kiwanda cha ndege cha Kahn na kuitumia kubuni ukumbi wa muziki.

Aliwatumikia mabepari na wakomunisti, waliompenda na waliowachukia watu wa kabila lake. Hakuchagua wateja, alichagua kazi. Pengine hilo ndilo doa lake, na pengine ndiyo sifa yake. Viwanda alivyojenga vilimpa mkulima gari la bei nafuu, vilimchosha kibarua, vilimtajirisha mwenye chuki, na hatimaye vikatoa silaha zilizoiangusha serikali iliyotaka kuwaangamiza Wayahudi wote wa Ulaya. Nondo na kioo havikujua tofauti. Aliyepaswa kuijua ni binadamu aliyeshika funguo.